Kufuli la Nje

Dobi alibakiwa na kazi moja tu, na kazi hiyo aliifanya gizani kabla watu hawajaamka: kujifungia mlango kwa nje huku yeye yuko ndani.

Msidhani ni uchawi. Dirisha la chumba chake lilikuwa ubavuni mwa mlango, karibu kabisa. Ukiingiza mkono kati ya nondo mpaka kwapani, vidole vinazifikia pete za chuma za mlango. Alikuwa na mikono mirefu, jambo ambalo enzi za usichana wake walimtania nalo sana, na sasa lilikuwa limepata matumizi. Anatundika kufuli, analibana mpaka linalia ta!, anarudisha mkono, anashusha pazia. Kisha anajilaza kwenye ubao wake wenye godoro jembamba, maana kitanda cha kubonyea alikwishakatazwa, na kuisikiliza nyumba ikiamka.

Ilikuwa nyumba ya kupanga, vyumba vinatazamana na katikati kuna ua wenye bomba moja. Wapangaji wake hawakuwa watu wabaya. Ukiugua watakugongea mlango, ukifiwa watakaa nawe mpaka wakuchoshe. Ila walikuwa na ugonjwa mmoja: hawakuweza kumwona mtu mzima amekaa asubuhi wakamwacha na amani yake. "Leo huendi kazini?" Salamu ilikuwa hiyo. Jibu lako likichelewa kidogo tu, jioni jina lako liko bombani linasuguliwa pamoja na masufuria.

Na Dobi alikuwa mtu wa kazi kwelikweli, tusije tukamsingizia. Alipiga pasi mashuka ya hospitali kubwa tangu ujana mpaka nywele zilipoanza kumgeuka mvi. Ile mashine ya marola inayokula shuka bichi upande huu na kulitema kavu upande wa pili, yeye ndiye aliyeilisha. Alijua shuka la wodi ya wazazi kwa kulishika tu, macho yamefumbwa. Alitaniwa na wenzake, akawatania, wakaimba humo ndani ya mvuke mpaka msimamizi akaja kuwanyamazisha. Siku moja akainama kuinua kapu la mashuka mabichi, mgongo ukasema basi. Daktari akamwambia pingili zimesagika: asisimame sana, asiinue kitu, asikae sana pia. Kazini wakamuaga kwa hotuba fupi na zawadi. Zawadi yenyewe ilikuwa mashuka. Mtu aliyenyoosha jozi zisizo na hesabu, wakamwongezea nyingine!

Ofisi ya ustawi wa jamii ikamwingiza kwenye posho ya kila mwezi ya wasiojiweza. Posho ilikuja kweli, ikalipa chumba na dawa na chakula cha kubanabana. Lakini neno lile, wasiojiweza, lilimuuma kuliko mgongo. Hakulitamka kwa mtu. Wapangaji aliwaambia yupo kwenye likizo ya ugonjwa, wakampa pole, na mambo yangeweza kuendelea hivyo kama si siku ile ya bombani.

Siku hiyo maji yalikuwa yanatoka kwa kusuasua, foleni ikawa ndefu na midomo ikakosa kazi. Aliyeanza ni Mama Biskuti. Huyu alikaa chumba cha mkabala na cha Dobi, na jina alilipata kwa kazi yake: alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha biskuti, anasimama pembeni ya mkanda na kuziondoa zilizovunjika. Zile zilizovunjika alizileta nyumbani kwenye mfuko, akawagawia watoto wa ua mzima. Koti lake jeupe la kiwandani alilianika mahali ambapo kila anayeingia getini lazima alione.

"Mtu mzima," alisema Mama Biskuti, ndoo kichwani bado tupu, "mikono miwili, macho mawili, anakaa anangoja posho ya serikali imlishe kama kinda! Hivi huyo anajitazamaje kwenye kioo? Mimi nikikosa kazi leo, kesho mtaniona nafagia barabara."

"Kodi zetu hizo wanakula," alidakia fundi viatu.

"Ni kupe tu hao. Wewe Dobi unasemaje? Mbona kimya?"

Nyuso zote zikamgeukia. Angeweza kusema mgongo unamuuma akaenda zake ndani. Hakusema hivyo.

"Waende wakafanye kazi," alisema Dobi. "Mimi na mgongo wangu huu kesho narudi kazini, sembuse wao?"

Wakamshangilia. Mama Biskuti akamgongea na kiganja, akasema, "Umeona? Huyo ndiye mwanamke!" Dobi akacheka nao, akabeba kijidumu chake akaingia ndani, na alipofunga mlango akajiona mjinga wa kutupwa.

Basi ikabidi kesho arudi kazini. Mwanzoni alitoka kweli. Alikwenda kukaa kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje pale hospitalini, mahali ambapo hakuna anayekuuliza unangoja nini. Lakini benchi ni adui wa mgongo, na jioni alirudi akiburuta mguu. Ndipo akagundua mambo ya dirisha na kufuli.

Mwanawe wa pekee, aliyeoa na kuhamia mbali, naye alisaidia kulikaza kufuli lile bila kujua. Alikuwa akipiga simu Jumapili.

"Mama, wakwe zangu wakikusalimia usiwaambie habari za posho. Nimewaambia umepandishwa cheo, wewe ni msimamizi."

"Sawa, baba."

"Si kwamba naona aibu, mama. Ila unawajua watu."

"Nawajua, mwanangu."

Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya kusikia. Alisikia ndara, ndoo, ugomvi wa sabuni, watoto wakiburutwa shuleni, geti likigongwa mara ya mwisho. Kisha ua unanyamaza, na huo unyamavu ndio uliokuwa mbaya. Hakuthubutu kuwasha redio wala kukohoa kwa nguvu. Alikula vya jana kwa kijiko cha plastiki, maana cha bati kinalia. Alilala chali akihesabu madoa ya dari, akajizungumzia kimoyomoyo, na mchana mmoja akajikuta anakunja shuka lile la zawadi, analikunjua, analikunja tena, machozi yanamtiririka bila sauti. Upweke ulimkaba. Mtu aliyezoea kelele za marola na vicheko vya wenzake, leo anaogopa pumzi yake mwenyewe isisikike.

Jioni, watu wakianza kurudi, alikuwa na ujanja wa kulifungua kufuli na kusimama mlangoni akijifuta jasho ambalo hakuwa nalo.

"Za kazi, Dobi?"

"Nzuri. Leo mashuka yalikuwa mengi!"

Ikawa hivyo kwa miezi. Halafu asubuhi moja, watu wote wameshaondoka, akasikia geti likifunguliwa polepole. Hatua zikaja taratibu mpaka mlangoni kwake. Mtu akaketi kwenye kijibaraza cha saruji mbele ya mlango, mgongo akauegemeza kwenye ubao wa mlango, na mlango ukajikunja kidogo kwa uzito wake.

Dobi akabana pumzi. Akasikia bakuli la chakula likifunuliwa, kijiko kikigonga bati. Kisha karatasi ya pakiti ikipasuliwa, halafu ko! Kimya kidogo. Ko! Ko! Alichungulia kwenye ukingo wa pazia akaona koti jeupe. Mama Biskuti alikuwa na pakiti ya dukani mapajani, nzima, mpya, anazitoa biskuti moja moja, anazivunja vipande viwili na kuzitia kwenye mfuko ule wa siku zote.

Dobi alielewa palepale. Kiwandani hakuna tena mkanda wa Mama Biskuti. Hata kufagia barabara hakujapatikana. Na watoto wa ua jioni watagawiwa biskuti zao zilizovunjika, wasije wakawauliza wazazi wao mbona zimekoma.

Alikuja kesho yake, na kesho kutwa. Chumbani kwake hakuingia, maana kutoka getini mtu angeona kufuli halipo. Alichagua kijibaraza cha Dobi kwa sababu kilikuwa na kivuli na hakionekani kutoka getini, na zaidi kwa sababu mlango wenye kufuli hauna mtu. Alikula, alivunja biskuti zake, na siku nyingine alilia. Alilia kama mtu anayetafuna, kwa vipande, anakata, anaanza tena. Dobi alikaa sakafuni upande wa pili, mgongo wake mbovu umeuegemea ubao uleule. Mara ngapi alifungua mdomo! Neno moja tu, "Shoga," lingetosha. Lakini angelisemaje? Kwamba nimo humu siku zote, nimekusikia ukilia, na mimi ndiye yule kupe wako? Na bado, nisiwafiche, zile zilikuwa saa zake nzuri kuliko zote. Asubuhi alizingoja hatua zile kama mtu anayengoja mgeni, na siku Mama Biskuti alipochelewa alihangaika.

Kisha akaja kijana wa ustawi.

Alikuja mchana wa kweupe, bila taarifa, maana ndivyo wanavyofanya: hupita kuwatazama wanaopokea posho kama bado hawajiwezi, na hupita saa za kazi makusudi. Dobi alikuwa sakafuni pake. Mama Biskuti alikuwa kwenye kijibaraza, pakiti mapajani. Geti likalia, viatu vya ngozi vikakatiza ua.

"Habari za saa hizi, dada. Natoka ofisi ya ustawi. Mwenye chumba hiki yupo?"

Mama Biskuti alishtuka mpaka mlango ukatikisika. "Huyu? Huyu humpati saa hizi. Yuko kazini."

"Kazini?"

"Si unaona kufuli?"

"Naliona. Na juzijuzi nilikuja nikalikuta." Ni kweli alikuja, asubuhi moja Mama Biskuti amechelewa. Dobi aliusikia mlango ukigongwa akadhani ni mtu wa bili ya maji, akajikunja kimya. "Nikilikuta mara ya pili, utaratibu wetu ni kufunga faili. Huyu mama anapokea posho ya wasiojiweza."

"Posho?" Mama Biskuti alicheka kwa hasira. "Kaka, umepotea nyumba. Dobi ale posho? Yule? Katika ua huu mzima kama kuna mwanamke mchapakazi ni huyo. Anatoka sisi bado tumelala, hata hatumwoni akitoka! Mgongo unamuuma, analalamika, lakini anakwenda. Yule heri afe njaa kuliko kula cha bure. Sisi wengine..." Hapo akasita. "Sisi wengine tunajifunza kwake."

Ndani, Dobi alijishika kifua. Ni lini mara ya mwisho mtu alimsema vizuri hivyo? Hotuba ile ya kuagwa ilikuwa fupi na jina lake walilikosea. Maneno ya Mama Biskuti yalimwingia mwilini kama maji ya moto kwenye mgongo, akatamani yaendelee, akatamani kijana aulize zaidi. Na huku kila neno linamnyang'anya dawa, linamnyang'anya chumba, linamfungasha kwenda kukaa kwa mwanawe, ambako wakwe wameambiwa mama ni msimamizi. Akikaa kimya, anabaki na jina zuri lisilo na pa kulala. Akisema, anaokoa posho, lakini Mama Biskuti atajua. Atajua yote, na asubuhi zote alizosikiwa akilia.

"Na wewe dada," kijana aliuliza, kwa adabu tu, "leo huendi kazini?"

"Nipo likizo," alisema Mama Biskuti haraka.

"Haya. Basi nimeshapata jibu langu." Viatu vya ngozi vikageuka.

"Nipo."

Sauti ilitoka imekwaruzika, maana tangu alfajiri haikuwa imetumika. Viatu vikasimama.

"Nani huyo?" kijana aliuliza.

"Mimi. Mwenye chumba. Nipo ndani."

Pazia likasogea. Mkono mrefu ukatoka kati ya nondo na ufunguo vidoleni, ukalitafuta kufuli bila kupapasa, ukalizungusha, ukalifungua, ukalining'iniza kwenye pete yake. Haukukosea hata kidogo. Mama Biskuti alisimama akiutazama, na kwa jinsi ule mkono ulivyoizoea kazi yake akajua si leo tu. Akauinamia mfuko wake wa biskuti zilizovunjika, akaukunja mdomo taratibu.

Kijana aliingia, akauona ubao, dawa, kijiko cha plastiki. "Mama, kwa nini unajifungia kwa nje?"

"Ukae kwenye ua huu, mwanangu," alisema Dobi, "utajua."

Kijana hakucheka. Akatoa kichwa mlangoni. "Dada, wewe ni jirani. Naomba uniambie ukweli, huyu mama anafanya kazi popote?"

Mama Biskuti alifunika bakuli lake. Alikuwa anaangalia ukutani, si kwa Dobi.

"Hafanyi," alisema. Akachukua bakuli lake, akaenda zake, koti jeupe likipepea hadi getini.

Posho ikabaki. Tuseme Dobi alishinda, kama kushinda ndiko huko. Alingoja jioni jina lake lisuguliwe bombani. Halikusuguliwa. Mama Biskuti hakumwambia mtu, na angesemaje, bila kueleza yeye mwenyewe saa zile alikuwa anafanya nini nyumbani? Alipita na ndoo yake bila kumsalimu, basi.

Asubuhi iliyofuata Dobi alisubiri watu waondoke wote, kisha akaufungua mlango wazi kabisa. Akaweka vigoda viwili kwenye kijibaraza. Akatengeneza chai ya vikombe viwili, akakaa. Moyo ulimdunda kama wa mchumba. Saa zile za siku zote geti likalia polepole. Hatua zikaingia, zikaja hadi kwenye kona ya bafu, mahali ambapo mtu anauona mlango. Zikasimama hapo. Kisha zikarudi, na geti likalia tena. Chai ikapoa, akazinywa zote mbili.

Siku nyingine akafanya vilevile, akabaki na vigoda vyake. Mama Biskuti sasa alitoka na wapangaji wenzake na kurudi nao, koti safi, amechoka kupita kiasi. Jioni moja watoto wakamzunguka wakidai biskuti, akawaambia siku hizi mashine ni mpya, hazivunjiki.

Dobi alikuja kujua anakoshinda siku alipokwenda hospitalini kuchukua dawa. Kwenye yale mabenchi ya wagonjwa wa nje, kati ya wenye homa na wenye plasta, alimwona Mama Biskuti, koti limekunjwa mapajani, bakuli juu ya koti. Foleni iliposogea naye alisogea. Alipokaribia dirishani aliinuka akijifanya anajinyoosha, akaenda kukaa mkiani akaanza upya. Dobi alilijua benchi lile. Alijua mahali linapobana, na jinsi harufu ya dawa inavyokuingia mpaka kwenye chakula ukashindwa kula. Alimpungia mkono. Mama Biskuti alimtazama kama anavyotazamwa mtu wa mbele kwenye foleni, akageuza uso.

Njiani kurudi Dobi alikwenda kwa kujikokota, na haukuwa mgongo peke yake. Posho yake imepona, lakini kwa mdomo wake mwenyewe amemfukuza mwenzake mahali pekee alipokuwa anapumzika. Mlango wazi na vigoda viwili! Alikuwa anafikiri nini? Mtu akiketi kwenye kigoda cha mwenzake lazima aeleze, lazima aonewe huruma, na huruma ya jirani mtu mwenye aibu haimezi. Yeye Dobi alishindwa kuimeza. Kufuli halikumwuliza Mama Biskuti chochote, na ndiyo maana aliliegemea.

Kesho yake aliamka gizani, akaviingiza vigoda chini ya ubao, akapitisha mkono kati ya nondo. Ta! Akashusha pazia, akakaa sakafuni.

Hakuja mtu siku hiyo, wala iliyofuata. Siku zilikwenda, na Dobi akaanza kuyazoea tena madoa ya dari. Alijiambia amekawia, kilichovunjika kimevunjika. Bado kila alfajiri mkono ulitoka dirishani.

Asubuhi moja ya manyunyu, ua umenyamaza, geti likalia polepole. Hatua zikafika kwenye kona ya bafu na kusimama. Zilisimama muda mrefu. Dobi alifumba macho, akaziba mdomo kwa kiganja, si kwa kujificha tena, bali asije akaharibu. Hatua zikaja. Mtu akaketi kwenye kijibaraza, mgongo akauegemeza mlangoni, na ubao ukajikunja ukamgusa Dobi mabegani.

Bakuli likafunuliwa. Kijiko kikagonga bati mara chache, kikaachwa. Manyunyu yaliendelea kunong'ona juu ya mabati.

"Kazini kwema?" aliuliza Mama Biskuti. Hakugeuka. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama anaongea na bakuli lake.

Dobi aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Kwema," alijibu kupitia ubaoni. "Huko kwako?"

"Kazi nyingi."

Pakiti ikapasuliwa. Ko! Nusu ya biskuti ikapenya kati ya nondo, ikasukuma pazia, ikawekwa ukingoni mwa dirisha, na vidole vikarudi nje.

"Leo zimevunjika nyingi," alisema Mama Biskuti.

Dobi aliichukua, akala polepole. Wakakaa hivyo, huyu upande wake na yule upande wake, mpaka saa ya watu kutoka kazini.